Maneno Niliyomfundisha Mama

Harufu ya mahindi mapya yakiwa yameanikwa haifanani na harufu nyingine yoyote. Ni tamu kidogo, kama maziwa yaliyoanza kuganda, na ndani yake mna vumbi linalowasha koo. Kitale nzima ilinuka hivyo tangu mvua zilipopungua hadi baada ya Krismasi. Malori yalipanga foleni nje ya maghala, na kila palipokuwa na sakafu ya saruji, hata ukingoni mwa barabara, palitandazwa maturubai yenye mahindi. Mama yangu alifanya kazi katika mojawapo ya maghala hayo. Alipepeta, alichambua punje zilizooza, alishona magunia kwa sindano ndefu, na jioni alirudi nyumbani nywele zimekuwa nyeupe kama za bibi kizee. Mdogo wangu Nasimiyu, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anajua kutembea, alimkimbilia na kumkumbatia miguu, kisha wote wawili wakaanza kupiga chafya. Hiyo ndiyo iliyokuwa salamu ya nyumba yetu, chumba kimoja cha mabati nyuma ya maghala, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, baba alipokuwa amekwisha kufariki na mimi nikiwa darasa la tano.

Mama hakuwa mtu wa maneno mengi wakati ule. Nadhani uchovu ulimla sauti. Alipika, akatulisha, akauliza kama nimefanya kazi ya shule, na kabla sijamaliza kujibu alikuwa amesinzia akiwa ameketi, mgongo ukutani, Nasimiyu akinyonya. Kwa hiyo nilishangaa jioni moja aliponawa uso mara mbili, akavaa lesu safi, akavuta kigoda karibu na meza niliyokuwa nikisomea. Alikuwa na aibu fulani usoni ambayo sikuwahi kuiona kwake.

"Nafula," alisema, "wewe si unajua hii Kiingereza ya shule? Nataka unifundishe."

Nilidhani anatania. Mama aliacha shule akiwa darasa la nne, wakati babu alipougua, na Kiingereza alichokuwa nacho kilikuwa cha kusalimia wageni kanisani. Ndipo akanieleza. Kulikuwa na mwanamke mjini anayeitwa Madam Stella, mwenye ofisi ghorofani juu ya duka la mbegu na dawa za mifugo, aliyekuwa akiwapeleka wanawake Uarabuni kufanya kazi za nyumbani. Wanawake wawili kutoka ghala lao walikuwa wamekwenda tayari. Mkataba ulikuwa wa miaka miwili. Lakini kabla ya kwenda, mama mwenye nyumba wa huko angepiga simu na kuzungumza naye kwa Kiingereza, na asiyeweza kujibu aliachwa.

"Nikienda mtasoma bila shida, wewe na huyu," alisema, akimtazama Nasimiyu. "Hapa nitapepeta mpaka nipepetwe mimi."

Tukaanza usiku ule ule wa kwanza na vitu vya chumbani. Kikombe, sufuria, kijiko, ndoo, ufagio. Niligusa kitu, nikakitaja, naye akarudia huku akikigusa pia, kana kwamba neno lingeingia kupitia vidole. "Cup. Spoon. Bucket. Broom." Vitu vyetu viliisha upesi, kwa maana chumba chenyewe kilikuwa na vichache. Ikabidi tutafute vya watu. Jumamosi mama alipotoka kazini mapema tulikwenda kwenye duka kubwa la vyombo vya umeme mjini, tukapita polepole kati ya rafu kama watu wanaotaka kununua. Nilimwonyesha friji, jiko la umeme, mashine ya kufulia, pasi isiyotumia makaa. Alisoma maandishi ya kwenye maboksi kwa midomo bila sauti. Kijana wa duka alitufuata nyuma, na hatimaye akauliza tunataka nini. Mama akageuka, akanyoosha shingo, akasema, "We are just looking." Sikuwa nimemfundisha sentensi hiyo. Aliisikia kwa mteja aliyetutangulia, akaidaka. Tulipofika nje alicheka hadi akashika nguzo, nami nikacheka kwa kumwona akicheka.

Ulimi wake ulikuwa wa Bungoma, na herufi mbili, r na l, zilimtesa. Siku Madam Stella alipomwita ofisini kumpima, nilikwenda naye nikiwa nimembeba Nasimiyu mgongoni. Madam Stella alikuwa mwanamke mwenye kucha nyekundu na sauti ya upole. Akamuuliza angempikia nini mwajiri wake. Mama akajibu kwa kujiamini kwamba angepika "lice and chicken". Madam Stella aliweka kalamu mezani, akacheka, akamwita msichana wake wa ofisi aje asikie. "Ati atawapikia chawa," alimwambia. "Ebu sema tena, mama." Mama akasema tena, kwa adabu, bila kujua kosa liko wapi, na wale wawili wakacheka zaidi. Mimi nilijua kosa liko wapi. Nilitazama viatu vya mama, vilivyokuwa na vumbi la mahindi kwenye mishono.

Baada ya siku hiyo tulifanya kazi ya neno moja kwa juma zima. Nilimwonyesha ulimi unavyokaa, naye akaniomba nifungue mdomo wazi auone vizuri kwa mwanga wa taa ya mafuta. Akiwa anachochea ugali alinong'ona, "Rice. Rice. Rice." Akiwa anaosha Nasimiyu, vivyo hivyo. Wenzake ghalani wakampa jina la Mama Rice. Halafu tukaingia kwenye sentensi ambazo Madam Stella alisisitiza kwamba bila hizo mtu hawezi kukaa nyumba ya watu: "Yes, madam." "I am coming, madam." "Sorry, madam." Hiyo ya tatu ilimsumbua mama kwa namna yake. Alitaka kujua kama ni pole au ni samahani. Nikamwambia ni zote mbili. Akafikiri. "Sasa nikimwambia hivyo," aliuliza, "atajuaje kama ninamhurumia ama ninaomba anihurumie?" Nikamwambia arudie tu. Nilikuwa mtoto wa darasa la tano.

Msimu huo ndio ninaoukumbuka kuliko yote ya utoto wangu, kwa sababu ndio pekee ambao mama aliketi nami. Katikati ya maneno yale alinisimulia mambo. Tukitaja "bed" alinieleza kitanda cha kamba ambacho Nasimiyu alizaliwa juu yake. Tukitaja "milk" aliniambia kuhusu ng'ombe wa babu aliyekuwa akikataa kukamuliwa na mtu yeyote isipokuwa mama. Nilimjua mama yangu kwa kumfundisha lugha ambayo si yake wala si yangu. Nilikimbia kutoka shuleni kila jioni nikiwa na maneno mapya, kama mtu anayemletea mwingine matunda. Ilinichukua muda kuelewa kwamba kila neno analolishika ndilo linalomwondoa. Nilielewa hilo ghafla, nikimsikiliza akitaja vitu vya jikoni mfululizo bila kukosea hata kimoja. Nilimwambia nina usingizi. Akanivuta kifuani, akaniuliza nini kimenipata, nikasema hakuna. Kesho yake tukaendelea.

Simu ilikuja siku aliyotuambia Madam Stella, ofisini kwake, asubuhi yenye jua kali. Nilisimama mlangoni. Sauti ya upande wa pili sikuisikia, nilimsikia mama tu. "Yes, madam. My name is Rose. Yes, I can iron. I can cook rice, chicken, soup. I love children. Thank you, madam." Ile "rice" ilitoka safi kama ya msomaji wa habari. Nilisikia kifua changu kikijaa fahari, na kabla fahari haijakaa vizuri nikakumbuka kwamba sasa ataondoka, nikaketi kwenye ngazi. Mama alitoka, akaketi kando yangu. Chini yetu watu waliingia na kutoka dukani na pakiti za mbegu.

"Nimepita," alisema mwishowe, kwa sauti ya mtu anayetoa taarifa ya msiba.

Akatupeleka Mabanga, karibu na mji wa Bungoma, kwa mama yake. Tulimwita Kukhu, kama wajukuu wote wa kwetu wanavyowaita nyanya zao. Alikuwa na nyumba ya udongo iliyosilibwa vizuri, kipande cha shamba la mahindi na maharagwe, na hakujua neno la Kiingereza. Mama alikaa nasi siku chache. Aliondoka alfajiri Nasimiyu akiwa bado amelala, kwa sababu Kukhu alisema ni afadhali mtoto asimwone akienda. Nilimsindikiza hadi penye barabara kubwa. Alinishika mabega, akanitazama, akafunga kifungo cha sweta yangu na kuvuka upande wa pili.

Mzee Wanyonyi, jirani wa Kukhu, alikuwa na simu ya mkono, na tulipatana na mama kwamba angepiga hapo Jumapili baada ya kanisa. Zilipita Jumapili nyingi. Siku simu ilipolia, Kukhu alipewa kwanza, naye akaanza kulia na kucheka kwa Kibukusu, lugha ya kwetu, na nikasikia sauti ya mama ikimjibu kwa Kibukusu pia. Kisha nyuma yake ikasikika sauti nyingine, kali, ya mwanamke. Mama aliporudi kwenye simu alikuwa anazungumza Kiingereza.

Kukhu alinipa simu kama kitu kilichoharibikia mikononi mwake. "Huyu anasema nini?"

"Hello, Nafula," mama alisema. "How are you? I am fine. The house is big. The children are good."

"Mama, mbona unaongea hivyo?"

"Yes," alisema. "Thank you. I am fine."

Baadaye tulikuja kujua sababu. Mwajiri wake hakutaka lugha asiyoielewa isemwe katika nyumba yake. Aliamini mtumishi anayesema kwa lugha ya siri anapanga wizi. Kwa hiyo mama aliruhusiwa kutupigia simu mara moja moja, kwa Kiingereza, mwenye nyumba akiwa amesimama pale pale. Kukhu hakukubali kukaa pembeni. Kila simu ilipokuja aliichukua kwanza, akamwambia bintiye habari za shamba, za ng'ombe wa jirani, za nani amezaa na nani amezikwa, yote kwa Kibukusu, naye bintiye akamjibu, "Yes, Mama. Thank you, Mama." Kukhu alikuwa akisikiliza ile sauti kwa macho yaliyofumbwa. Kisha alinipa simu nimfasirie, nami nikamwambia kwamba mama yuko salama, nyumba ni kubwa, watoto ni wazuri. Nilimwambia hivyo hivyo kila mara, kwa sababu mama naye alisema hivyo hivyo kila mara.

Kisha ikaja simu ya msimu wa mvua. Mahindi ya Kukhu yalikuwa yamefika kiunoni, na uwanja wa Mzee Wanyonyi ulikuwa matope. Mama hakusalimia.

"Nafula. The iron is hot."

Nilijibu, "Yes, Mama," kama tulivyokuwa tukijibizana Kitale.

"The iron is very hot," alisema. Sauti yake ilikuwa nyembamba. "Sorry. Sorry. The iron is hot."

Simu ikakatika. Kukhu alikuwa amenishika mkono. Nikamwambia kwamba mama anasema pasi ni ya moto. Aliniuliza ni hilo tu? Nikasema ni hilo tu, na kwamba aliomba samahani, au alisema pole, sikujua ni ipi. Mzee Wanyonyi akamwambia pengine ni mzaha, watu wa mbali wana mizaha yao.

"Mtoto wangu hawezi kupiga simu kutoka huko kote aniambie habari za pasi," Kukhu alisema. "Kuna kitu."

Kesho yake alivaa nguo ya kanisani, tukaenda Kitale kumtafuta Madam Stella. Duka la mbegu lilikuwepo. Tulipopanda ngazi tulikuta ofisi imekuwa ya fundi wa kushona nguo, vitambaa vya sare za shule vimetundikwa palipokuwa na meza yake. Fundi alisema hamjui. Mwenye duka la mbegu alisema yule mama alihama bila kuaga na kwamba sisi si wa kwanza kuja kumwuliza. Kukhu alishuka ngazi zile akiwa ameshika ukuta. Hakunilaumu kwa lolote, si siku hiyo wala baadaye. Aliniuliza tu, tukiwa tumesimama nje, "Hayo maneno mliyokuwa mkisoma na mama yako, lilikuwepo la kusema mtu anaumizwa?"

Nikafikiri kwa bidii. Nikamwambia hapana.

Simu haikulia tena. Mahindi yakakomaa, tukavuna, tukapanda mengine. Nasimiyu alianza kumwita Kukhu mama, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumsahihisha. Nikafika darasa la saba. Nilijifunza Kiingereza kwa hasira wakati huo, nikisoma hata karatasi zilizofungiwa sukari, na nilipokutana na neno la maumivu au la hofu nililirudia kimoyomoyo, ingawa sikuwa na wa kumpa.

Mama alirudi mchana mmoja, kwa miguu, kutoka barabarani, na begi dogo ambalo mtoto angeweza kulibeba. Mkono wa kulia alikuwa ameukunja kifuani. Mwenye nyumba alimchoma kwa pasi kwa ajili ya nguo iliyoungua, kidonda kikaoza bila dawa, na mkono uliposhindwa kufanya kazi wakampandisha ndege. Hayo aliyasema mara moja tu, kwa Kukhu, nami nikayasikia nikiwa jikoni. Lakini hayo yalikuja baadaye. Alimwona Nasimiyu amesimama mlangoni, msichana mrefu sasa, akachuchumaa, akanyoosha mkono mzima, na neno lililomtoka lilikuwa, "Come."

Nasimiyu alikimbilia nyuma ya Kukhu. "Huyu ni nani?" aliuliza.

Mama aliziba mdomo wake kwa kiganja. Sijawahi kumsikia akisema neno lingine la Kiingereza tangu saa hiyo hadi leo.

Majuma yalipita kabla sijathubutu kumwuliza. Tulikuwa tunapukuchua maharagwe, yeye kwa mkono mmoja, mimi kwa miwili.

"Mama," nilisema, "siku ile ulipiga simu ukasema pasi ni ya moto."

"Ndiyo."

"Ulikuwa unaniambia?"

"Nilikuwa ninakuambia." Aliendelea kuvunja ganda moja kwa kidole gumba. "Nilitafuta neno lingine, sikupata. Hilo ndilo lilikuwa karibu."

Nilitaka kulia, lakini yeye hakulia, kwa hiyo tukamaliza maharagwe. Nilikumbuka kila tulichosoma kwa mwanga wa taa ile. Tulikuwa na kijiko, kitunguu, shuka, dirisha, ndiyo madam, nakuja madam. Kitabu changu cha shule kilikuwa na "I am happy", chenye picha ya mvulana na baluni. Madam Stella naye alitupa maneno ya kumwingiza mtu katika nyumba ile. Ya kumtoa hakutupa.

Kukhu amekwisha kufariki, na mama ndiye anayekaa Mabanga sasa. Mkono haukunyooka tena, ila analima kidogo na kufuga kuku. Watoto wangu wanapomtembelea huzungumza Kiingereza wao kwa wao, kama watoto wa mjini wa siku hizi, naye huinuka taratibu na kutoka kwenda kuangalia kuku. Nasimiyu anampenda na kumheshimu kama mtu anavyompenda shangazi mwema. Kitale nako kumebadilika. Maghala mengi yana mashine za kukaushia, na mitaa niliyopita na mama tukitafuta majina ya vitu imejaa tuktuk na bodaboda. Simu ziko katika kila mfuko, na mtu aliye Uarabuni anaweza kukuonyesha uso wake akipenda, au akiruhusiwa.

Mimi ni mwalimu wa Kiingereza hapa Bungoma. Jumamosi huja wanawake darasani kwangu, wale wanaojiandaa kusafiri, kwa maana safari hazikuisha. Niliwahi kumwomba mama aje kuzungumza nao. Alinitazama, akasema, "Hawatasikia. Mimi nilikuwa na mwenzangu ghalani alinikataza, nikaona ana wivu." Basi ninawafundisha peke yangu, na siku ya kwanza sianzi na jikoni. Ninaanza na kuumia, kuogopa, njaa, polisi, daktari. Wengine hununa. Juma lililopita kulikuwa na msichana wa Webuye, mtoto amelala mapajani pake, aliyeinua mkono kwa adabu.

"Mwalimu, si tuanze tu na vitu vya nyumba? Interview yangu ni Alhamisi."

Nikamwambia tutafika huko. Nikamwomba kwanza arudie nami: "I want to go home." Akairudia, akatabasamu kidogo, kama mtu anayejaribu kiatu asichokusudia kukinunua. Nikamwomba aseme tena, kwa sauti, na wenzake waseme naye.